Kivuli Kinapoangukia Pande Mbili

Mjuzi akionyeshwa ukurasa wa albamu ya kidijitali, jicho lake halianzi kwenye picha. Huanza kwenye vivuli. Tuseme ukurasa una mtoto aliyejikunyata ndani ya koti la baridi mbele ya maporomoko ya Minnehaha mjini Minneapolis, Minnesota, Marekani, maji yakiwa yameganda nyuma yake kama pazia. Picha imetiwa fremu. Pembeni kuna utepe na kifungo cha shati, vyote vya kompyuta. Fremu imetupa kivuli kulia. Kifungo kimetupa chake kushoto. Majua mawili kwenye ukurasa mmoja! Tena kifungo, ambacho ni kitu kinene, kina kivuli chembamba kuliko cha karatasi iliyolala. Mtazamaji asiye fundi hataweza kulitaja kosa, lakini ataona vitu vinaelea kama taka juu ya maji.

Karatasi iliyobandikwa hutupa kivuli chembamba kinachoshikana na ukingo wake. Kifungo hutupa kipana kidogo. Ua la kitambaa lililoinua ncha zake hutupa kipana zaidi, tena kilichofifia. Maandishi yaliyochapwa hayatupi chochote, maana wino hunywewa na karatasi. Herufi zenye kivuli kizito ndizo alama ya kwanza ya mtu aliyeifungua programu jana. Anayeanza aweke taa ya mezani upande mmoja, atue kifungo halisi juu ya karatasi, atazame. Dakika tano za hapo zina faida kuliko vifurushi kumi vya mapambo.

Kazi yenyewe ni ile ile ya mkasi na gundi, ila picha, karatasi, utepe na maneno hukaa kila kimoja kwenye tabaka lake ndani ya faili, kikasogezwa au kufutwa bila kuchana kingine. Adobe Photoshop Elements ni ya kulipia, GIMP ni ya bure, Canva hufunguka hata kwenye simu; kwa mwezi wa kwanza yoyote inatosha.

Minnesota ina haki ya kujidai kidogo kwa mambo haya. Mjini St. Cloud, kilomita kama 100 kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, Rhonda Anderson na Cheryl Lightle walianzisha Creative Memories mwaka 1987, kampuni iliyouza albamu na vifaa vyake kwa kuwakusanya wanawake kwenye meza za majumbani, kila mmoja na bahasha yake ya picha. Baadaye ikatoa hata programu za kompyuta. Lifetouch, iliyoanza mwaka 1936 kwa kupiga picha za wanafunzi, ina asili yake hapa hapa, na makao yake yakawa Eden Prairie, kitongoji cha Minneapolis. Mwaka 2018 ikanunuliwa na Shutterfly, wachapaji wa albamu za kuagiza kwa intaneti.

Hata hivyo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asidhani sanaa hii ni ya kuazima. Kule Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikuwa akizikata picha za wateja kwa mkasi, akizipachika ndani ya maua na maumbo mengine, kisha akiipiga picha kazi nzima upya. Alichokifanya kwa lenzi ndicho programu inachokifanya leo inapoamriwa kuyaunganisha matabaka.

Baada ya vivuli, kipimo cha pili ni hesabu, na hesabu haina huruma. Ukurasa uliozoeleka ni mraba wa inchi 12 kwa 12. Ili uchapike safi unahitaji pikseli 300 kwa kila inchi, yaani 3600 kwa 3600. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, mara nyingi ikabaki na pikseli 1600 hivi upande wake mrefu. Ukizigawa kwa 300 unapata inchi tano na ushei. Hapo ndipo albamu nyingi za ughaibuni zinapoangukia. Harusi imefanyika Kisii, picha zimeingia kwenye kundi la familia, shangazi aliyeko Brooklyn Park, Minnesota, ameivuta moja mpaka ikajaza ukurasa mzima, na bwana harusi ametoka kama anayetazamwa kupitia kioo cha bafuni. Dawa yake ni ndogo. Aliyeko Kisii aitume picha kama faili la hati, ambalo halibanwi. Ikishindikana, ile ya pikseli 1600 iwekwe kwa udogo wake na ipewe nafasi tupu ya kupumulia.

Halafu kuna rangi ya ngozi, na hapa Minneapolis na Saint Paul zina mtihani wao. Theluji huidanganya kamera. Ikiona weupe umetanda, hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na matokeo yake theluji hutoka ya kijivu na uso mweusi hubaki umbo lisilo na macho. Simu za Waafrika wa miji hii zimejaa picha za Januari za namna hiyo. Kwenye ukurasa uliotengenezwa vizuri, sehemu za giza zimeinuliwa taratibu mpaka mashavu yakarudi, na bado alama za nyayo zinaonekana kwenye theluji. Kwenye ukurasa mbaya mtu amebonyeza kitufe kimoja cha kuboresha kila kitu. Theluji imekuwa karatasi tupu na mtoto amechujuka akawa mtoto wa jirani.

Tatizo hili halikuanza na simu. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuonekana miaka ya 1990. Ndiyo maana mjuzi anayeskani picha ya rangi ya miaka ya 1970 haanzi na uso. Hutafuta kitu ambacho familia bado inakijua rangi yake, sare ya shule au kanga ambayo labda ingali kabatini, akazisogeza rangi za picha mpaka kitu hicho kikubali. Ngozi nayo hufuata nyuma, ikibaki marekebisho madogo tu.

Kanga hiyo hiyo ndiyo darasa la mpangilio. Ina pindo, ina mji, ina jina, na ukurasa hali kadhalika: mapambo ni pindo, picha ni mji, maneno ni jina. Wanaoanza hununua pindo. Kifurushi huja na vipepeo, nyota, vidani na karatasi za maua, na aliyekilipia hutaka kila kipepeo kionekane. Jaribio la mjuzi ni la kiganja: huifunika picha kwa mkono, akatazama kilichobaki. Kikipendeza peke yake, ukurasa umeshindwa, kwa sababu picha haikuwa na kazi pale. Rangi ya karatasi nayo hutoka ndani ya picha yenyewe, tuseme bluu ya koti la mtoto iliyopunguzwa ukali. Aina mbili za herufi zatosha, moja ya kichwa na nyingine ya maelezo, na ya maelezo iwe ile ambayo bibi wa miaka sabini ataisoma bila kuomba miwani.

Na jina? Hapa mwandishi wa makala haya huwa mkali. Ukurasa ulioandikwa “Kumbukumbu Tamu” ni kanga isiyo na jina, hata uwe na vivuli vya kupigiwa mfano. Ulioandikwa “Bibi mzaa mama, Mwanza, 1984, kitenge ni cha kuazima” unaweza kusamehewa makosa mengi. Kwa familia ya ughaibuni kuna la ziada. Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi na mama mdogo, kwa hiyo mjukuu aliyezaliwa Minnesota akisoma maelezo ya Kiingereza peke yake hatajua yule mama wa pichani ni wa upande gani. Neno la ukoo libaki kwa Kiswahili, na sentensi iliyobaki iandikwe kwa lugha zote mbili ikibidi.

Picha za zamani huskaniwa mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye mwandiko wa marehemu babu, na pengine muhuri wa studio. Muhuri wa Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, waweza kutaja mji ambao hakuna jamaa aliye hai anayekumbuka kama familia ilifika. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa pikseli 600 kwa inchi yaweza kuchapwa safi kwa mara mbili ya ukubwa wake. Zile zilizonata kwenye albamu za plastiki zenye gundi zisibanduliwe kwa kucha. Uzi wa kusafishia meno hupitishwa chini yake polepole, na picha ikikataa kabisa huskaniwa ikiwa pale pale. Baadhi zitakuwa na mistari ya manjano ya utepe wa kubandikia. Utepe huo unaopitisha mwanga, ambao Afrika Mashariki huuita selotepu, ulibuniwa na Richard Drew wa kampuni ya 3M mjini Saint Paul mwaka 1930. Mji uliotoa selotepu sasa una watu wanaokesha kuifuta kwenye skrini, tabaka kwa tabaka.

Faili lenye matabaka lihifadhiwe daima. JPEG ni nakala ya kupeleka kwa mchapaji, na kila inapofunguliwa, kubadilishwa na kuhifadhiwa tena hupoteza kitu. Kitabu kilichojalidiwa humeza katikati yake, hivyo uso wa mtu usiwekwe kwenye mshono, na maneno yakae mbali na kingo zinazokatwa. Asiyeamini apite Minnesota Center for Book Arts, Minneapolis, alifunue jalada la kitabu kilichoshonwa kwa mkono aone karatasi inavyozama.

Kisha ukurasa mmoja tu uchapwe kwanza, kabla ya kulipia arobaini. Utatoka mweusi kuliko ulivyoonekana, kwa sababu skrini nyingi huwashwa kwa mwanga mkali. Mjuzi huupeleka dirishani mchana. Koti ni la bluu ileile? Vivuli vya fremu na kifungo vimeegemea upande mmoja? Mashavu yapo? Halafu husoma maelezo yaliyoandikwa chini, akitafuta jina la mtu mmoja ambaye karibu kila albamu humsahau: yule aliyesimama kwenye theluji ya Minnehaha bila glavu, akiwa ameshika simu.