Menyu Ingebaki Kwenye Laini

Korosho zimepita mnadani, fedha za TANECU, chama kikuu cha ushirika, zimeingia benki, na Newala nzima imeshika simu. Mchezo mnaujua: nyota, mia hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Moja. Moja tena. Namba ya mpokeaji. Kiasi. Namba ya siri. Kisha skrini inaganda, muda umeisha. Lawama zote humwangukia mnara. Mnara una makosa yake, lakini mkosaji mkuu ni uamuzi wa mwaka 2008.

Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania, Kenya walishaitumia mwaka mzima, na kwao menyu ilikaa ndani ya laini. Laini ni kompyuta kamili, ndogo mno, yenye prosesa na kumbukumbu yake. Mtumiaji alijaza kila kitu bila kugusa mtandao, laini ikaufunga ujumbe kwa siri na kutuma SMS, basi. Sisi tukapewa USSD. Hapo ndipo mechi ilipoharibika.

USSD haiweki kitu kwenye simu. Kila jibu unalotuma linasafiri hadi kwenye seva, seva inajibu kwa herufi zisizozidi 182, unabonyeza tena. Ni safari sita au saba kwa muamala mmoja, na uzi usikatike tangu nyota ya kwanza hadi jibu la mwisho. Chukua mtu aliye chini kule Shimo la Mungu, Newala, au aliyekingwa na majabali ya Masasi. Tuseme kila safari ina uwezekano wa asilimia 95 wa kufika. Safari saba mfululizo zinamwachia kama asilimia 70. Mwenye SMS anabaki na 95 zake, na ujumbe ukishapokelewa, kituo cha SMS kinaushikilia mpaka ufike. Nayo huchelewa, ndiyo, ila haikurudishi kwenye nyota. Kibaya zaidi ni kukatika baada ya namba ya siri: pesa imekwenda au haijaenda? Mtu anapiga upya kuuliza salio, anaongeza foleni ileile iliyomkata.

Maana foleni ipo. Kwenye 2G, USSD hupita kwenye chaneli za ishara, zilezile zinazoanzisha simu na kubeba SMS. Nafasi moja ya muda hugawanywa chaneli ndogo nane. SMS huingia na kutoka ndani ya sekunde chache, wakati babu mwenye USSD anaishikilia chaneli yake muda wote anaotafuta miwani asome menyu. Mnara ukiwa na nafasi moja tu ya aina hiyo, babu wanane wanatosha. Wa tisa hata kupiga simu hawezi. Ongeza siku ya malipo ya korosho hapo.

USSD haikudai mtu abadili laini, na menyu ilirekebishwa mara moja kwenye seva kwa wote. Hilo nalikubali.

Ila miezi 14 ya mwanzo Kenya ilipata wateja kama milioni 2.7, Tanzania kama 280,000. Mawakala wachache, nchi kubwa na ushindani vilichangia sana, sibishi. Lakini huduma mpya ya pesa inayokatika katikati haimvuti mtu arudi kesho.

Waliotengeneza menyu ya Kenya ya 2007 walijua chombo walichopewa: kumbukumbu ya kilobaiti chache na mtandao usioaminika. Wakaiweka kazi mahali inapofanyika vizuri. Waandishi wa programu wa leo hujaribu kazi zao Masaki, Dar es Salaam, kwa simu ya milioni na 4G kamili, kisha wanamletea mkulima wa kiswaswadu na kumwambia mtandao unasumbua. Mwanasayansi wa kompyuta Niklaus Wirth alilalamikia uzito wa programu wa namna hii tangu 1995. Nimeshaandika haya, na nitayaandika tena.

Na hata baada ya kuichagua USSD, nafuu ilikuwepo. Mtu akikatika, seva imshikie namba ya mpokeaji na kiasi kwa dakika tano. Akirudi, aombwe namba ya siri tu. Safari saba zinakuwa mbili au tatu, na chaneli inaachiwa mapema. Taarifa hizo hazizidi baiti 30 kwa mtu. Wakikatika watu 100,000 kwa mpigo, ni megabaiti tatu, na seva za 2008 hazikukosa megabaiti tatu.