Kirikou na Mkono Uliomchora

Mwaka 1994 Marekani ilituletea The Lion King, hekaya ambayo simba wake aliitwa Simba na nyani wake Rafiki, majina yaliyochotwa katika kisima cha lugha yetu. Lakini katika Afrika yote ile, iliyochorwa kwa ustadi mkubwa, hamkuonekana mwanadamu hata mmoja, na mtoto wa kwetu aliyetoka kuitazama alikuwa amesikia maneno ya mama yake vinywani mwa wanyama bila ya kuuona uso wa mama yake. Sisemi hayo kwa chuki, maana filamu ile naipenda. Nayasema ili ijulikane kadiri ya jambo alilolitenda Michel Ocelot miaka minne baadaye.

Ocelot ni Mfaransa, lakini utotoni aliishi Conakry, nchini Guinea, na mtu akiitazama filamu yake Kirikou et la Sorcière atatambua kuwa mchoraji huyu hakuwajua Waafrika kwa kusimuliwa. Mwanzoni twamwona mwanamke mjamzito ndani ya nyumba yake. Sauti yatoka tumboni ikiomba kuzaliwa, na mama, bila ya kushtuka, ajibu kwamba mtoto awezaye kusema tumboni aweza pia kujizaa mwenyewe. Mtoto atoka, akata kitovu chake kwa mkono wake, ataja jina lake, Kirikou, kisha auliza baba yake yuko wapi. Utulivu wa mama yule wanivutia kuliko miujiza ya mwanawe, kwa kuwa ndio utulivu wa wanawake niliowaona maisha yangu yote, nao haukupata kuchorwa hivyo mbele ya macho yangu.

Katika filamu ya katuni picha 24 hupita kila sekunde, na mchoraji mvivu angeweza kuchukua sura ya Kizungu akaipaka weusi katika picha zote hizo, na wengi wangeridhika. Ocelot hakuridhika. Ngozi za watu wake ni kahawia za namna mbalimbali, zilizowekwa juu ya udongo wa manjano na mwekundu, kisha mbele ya majani mabichi yaliyochorwa jani kwa jani, kwa kufuata mfano wa Henri Rousseau, hata kila mwili wang'aa mahali pake pasipo kuazima nuru kwa mwingine. Sauti zilinaswa Dakar, kwa vinywa vya waigizaji na watoto wa shule wa huko, na muziki akautunga Youssou N'Dour. Walipotokea waliotaka vifua vya wanawake vifunikwe ndipo filamu ipokewe, Ocelot alikataa. Nami, niliyelelewa katika miji ya kanga na buibui, namshukuru kwa kukataa, kwani aibu waliyoiona ilikuwa ya macho yao, si ya wenye kijiji.

Hata Karaba, mchawi wa filamu hiyo, hakunyimwa insafu: uovu wake ulianza kwa mwiba wa sumu ambao wanaume waliukita mgongoni mwake, na Kirikou aung'oa kwa meno.

Katika Azur et Asmar ya mwaka 2006 fundi huyu alithubutu zaidi. Azur, kijana wa macho ya buluu aliyenyonyeshwa na yaya wa Kiarabu pamoja na mwanawe Asmar, avuka bahari na kufika katika nchi ambako macho ya rangi hiyo ni nuksi, hivyo ayafumba na kutembea kama kipofu, akiongozwa na wengine. Watu humo husema Kiarabu, na Ocelot kwa makusudi hakukitafsiri. Mwana wa pwani aliyepita chuoni atadaka maneno mawili matatu, atatabasamu, ilhali mtoto wa Paris aliye katika kiti cha jirani angali akingoja, kama Azur, mtu wa kumshika mkono.