Honda iliyouawa na vumbi: ilivyofufuliwa Karatu

Pikipiki kuukuu ikitolewa stoo baada ya kukaa miaka, kila anayeiona huanza kutaja visivyokuwepo: taa ya mbele haipo, ekzosi haipo, vifuniko vya ubavuni havipo, kiti kimeliwa na panya. Fundi anayeijua kazi huuliza kwanza kipi kilitangulia kupotea, na kupotea kwake kuliharibu nini. Honda CG125 niliyoifuatilia ikijengwa upya hapa Karatu ilitoa jibu kabla injini haijafunguliwa boliti hata moja.

Ilikuwa mali ya bwana shamba mstaafu wa upande wa Rhotia. Kabureta ilikuwa imeng'olewa, koili haipo, waya zimekatwa, mkono wa kiki umepotea. Fundi hakushughulika na hivyo. Alishika boksi la eya klina, lililokuwa tupu, kisha akaonyesha matundu ya boliti pale kifuniko cha cheni kilipokuwa zamani. "Hivi viwili ndivyo vilivyoiua, mzee," alimwambia mwenyewe. "Hivyo vingine viliibwa ikiwa imeshakufa."

Ili kuelewa kwa nini alisema vile, inabidi kujua pikipiki hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Honda waliianza mwaka 1976 wakiwalenga watu wa nchi za joto na vumbi, wanaobeba mizigo mizito na kwenda miezi bila kumwaga oili. Wakaachana na kamshafti ya juu inayozungushwa na cheni ndefu, ambayo hulegea isipohudumiwa, wakaweka kamshafti chini kabisa ya silinda, ikizungushwa na gia. Ina nundu moja tu, na nundu hiyo hiyo inainua fimbo mbili zinazofungua valvu zote mbili. Cheni ya gurudumu la nyuma wakaifunika yote kwa bati, juu na chini. Nchini Pakistan modeli hii imeendelea kuundwa kwa miongo mingi, na viwanda vya China viliiga injini yake kwa wingi kiasi kwamba bodaboda nyingi zinazopita mbele ya gereji yoyote Tanzania zina muundo uleule ndani.

Kila kitu katika muundo huo kinadai ulinzi mmoja: vumbi lisiingie. Na Karatu ni vumbi. Udongo wetu mwekundu unaotokana na volkano unaotesha mahindi, ngano na kahawa ya Oldeani ndio huo unaopeperuka kiangazi kwenye barabara ya Mang'ola, pikipiki zikiwa zimesheheni vitunguu. Chembe zake ni ngumu na zinasaga chuma. Lami ya Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipunguza adha kwenye njia kuu, lakini bwana shamba hafanyi kazi kwenye lami. Siku mtu alipotoa sponji ya eya klina "ili injini ipumue vizuri", akaacha boksi tupu, injini ilianza kunywa udongo.

Silinda ilithibitisha hilo, na njia ya kuipima inafaa kila fundi wa wilayani aijue, maana haihitaji vyombo vya maabara. Chukua ringi mpya ya saizi ya kiwandani. Ingiza ndani ya silinda bila pistoni, kisha isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kulala upande. Iweke kwanza chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki pikipiki inapofanya kazi, upime uwazi wa ncha zake kwa fila geji. Kisha ipandishe juu, karibu na ukingo ambapo ringi ya kwanza hugeukia, upime tena. Kwenye silinda hii, chini ilisoma milimita 0.35, juu 0.85. Tofauti ni 0.50. Gawanya kwa 3.14 unapata 0.16: kwa kiasi hicho kipenyo cha juu kimezidi cha chini. Juu ndiko kwenye moto na mgandamizo mkubwa, oili ni chache, na vumbi linaloingia na hewa hukutana na ringi hapohapo. Silinda iliyochakaa juu namna ile, ikiwa na mikwaruzo ya wima, imekula vumbi.

Kwa hesabu tupu, ovasaizi ya kwanza ya 0.25 ingetosha. Fundi aliikataa kwa sababu ya mikwaruzo: mmoja ulikuwa unakamata ukucha, na ukichonga kidogo unabaki pale pale. Akaamua 0.50, yaani kutoka kipenyo cha 56.5 hadi 57. Silinda ikapelekwa Arusha, Unga Limited, kwa mkereza vyuma, lakini ikiwa imefuatana na pistoni yake mpya. Hili wengi hulipuuza. Mkereza hachongi kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi. Anachonga kufuata pistoni iliyo mkononi mwake, maana pistoni mbili zenye alama moja zinaweza kutofautiana kwa kiasi cha kuifanya injini ikwame ikipata moto.

Pistoni yenyewe ilitoka kwenye rafu ya spea za bodaboda. Hapa ndipo pikipiki za Kichina zinapokuwa baraka kwa mwenye Honda ya zamani, mradi ujue kuzisoma. Tazama namba iliyogongwa kwenye injini zao. Ukiona 156FMI, tarakimu 1 ya mwanzo ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita bila desimali, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ni daraja la cc 125. Hiyo ni jamaa wa karibu wa CG. Ukiona 162FMJ, hiyo ni cc 150: kipenyo ni 62, ila mwendo wa pistoni ni uleule wa milimita 49.5.

Mwendo huo kufanana ndio mtego. Muuza duka alishauri wafunge silinda ya 150 moja kwa moja, "upate na nguvu". Krenki ingekubali, lakini mdomo wa krenkikesi ya CG125 ni mwembamba kwa silinda ile, na ili iingie lazima uutanue. Krenkikesi ndiyo sehemu pekee ya injini hii isiyo na mbadala rahisi. Ukiipunguza nyama huwezi kuirudishia. Ninaunga mkono uamuzi wa kukataa, na ningeusimamia hata kama krenkikesi nyingine ingekuwa imelala pale pembeni. Pistoni huisha na hununuliwa tena. Hata hiyo ya 57 haikupokelewa kwa jina: ilipimwa tundu la pini, upana wa mifereji ya ringi, na umbali kutoka katikati ya pini hadi juu ya kichwa, ikilinganishwa na ile ya zamani.

Upande wa umeme ulihitaji uamuzi wa aina nyingine. CG za mwanzo zilikuwa na volti 6 na pointi. Mwenye kupenda historia angetafuta pointi na kondensa. Bwana shamba alitaka kuonekana usiku. Wakachukua mfumo mzima wa volti 12 wa CDI kutoka bodaboda iliyopata ajali: rota, sahani ya koili zake, boksi la CDI, koili ya plagi na regyuleta. Neno la kushika hapo ni mzima. Rota ya kiwanda kimoja na sahani ya kingine zinaweza kutoa cheche, lakini kwa wakati usio wake, na injini ikakupiga mguu kwenye kiki au ikachemka bila sababu kuonekana.

Kabla ya kufunga rota, fundi alifanya jambo nililolifurahia sana. Alipaka koni ya krenki wino wa kalamu nene, pande zote. Akaivalisha rota kwa mkono, akaibana na kuizungusha kidogo, akaivuta nje. Wino ulikuwa umefutika kwenye sehemu kubwa ya koni, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ungefutika ukingoni tu, maana yake ingekuwa kwamba mteremko wa koni mbili haulingani, na rota ingeshikiliwa na nati peke yake hadi siku itakaponyofoa kii inayoishika kwenye krenki. Kazi ya dakika chache, gharama yake kalamu.

Beringi na sili hazikuwa tatizo, na Karatu kuwa mji wa wakulima kulisaidia. Beringi 6301 ina tundu la milimita 12, nje 37, unene 12, iwe kwenye gurudumu la pikipiki au kwenye mota ya pampu. Anayeuza spea za mashine za kusaga na pampu anazo, na mara nyingi ni bora kuliko zinazoletwa ndani ya paketi za bodaboda. Sili nazo husomwa kwa namba tatu: ndani, nje, unene. Tenki lilisafishwa kutu kwa siki na nati chakavu zilizotikiswa humo. Kiti kilishonwa mjini.

Kifuniko cha cheni ndicho kilichochukua muda, na ilistahili. Cheni ya 428 inapatikana kila duka, sproketi pia, ila bati la kuifunika yote halimo kwenye bodaboda. Zina kipande cha juu tu. Fundi bati alikata kielelezo kwa katoni, akakijaribu kwenye pikipiki huku gurudumu likipandishwa na kushushwa ili aone cheni inachezea wapi, kisha akakunja bati katika nusu mbili zinazokutana katikati. Akaacha tundu lenye kizibo cha mpira chini ya sproketi ya nyuma, la kukagua ukazo bila kufungua chote. Eya klina ilipata sponji ya pikipiki, iliyoloweshwa oili na kukamuliwa. Sponji ya godoro, ambayo wengi hukata na kujaza humo, ilikataliwa: huliwa na mvuke wa petroli na vipande vyake huingia kwenye injini.

Kabureta ilibaki mwisho, na hapo mahali palidai haki yake. Karatu mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Hewa ya Karatu ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na kule juu kwa karibu asilimia 20. Kabureta iliyopangiwa pwani hupunguza petroli kiasi kidogo tu hewa inapopungua, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia 7 hadi 8 hapa mjini, na karibu 12 ukingoni. Ndiyo maana kabureta mpya ya dukani iliwasha vizuri ikisimama, lakini ilipopanda mlima kuelekea Lodoare, lango la Ngorongoro, ilianza kukohoa, na plagi ikatoka na masizi meusi makavu.

Wengi hapo hutoa eya klina ili hewa iongezeke, na pikipiki inarudi kaburini kwa njia ileile. Fundi alibadili jeti kubwa kwa ndogo ya namba inayofuata, akashusha sindano ngazi moja, akapanda tena hadi langoni, akazima injini ikiwa bado kwenye kasi na kufungua plagi palepale. Ilikuwa ya kahawia. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa haba hairudi kwa jeti, na mzee alielezwa hivyo: akiwa na abiria atapanda kwa gia ya tatu.

Baada ya kilomita chache za mwanzo alimwaga oili, akaichuja kwa kitambaa cheupe kutazama chembe za chuma, akasafisha chujio, na injini ilipopoa akarudisha tapeti kwenye 0.08 pande zote mbili. Kifuniko cha cheni kinagonga kidogo kwenye boliti ya nyuma; kinahitaji washa ya mpira, na fundi bati ameahidi kukikunja upya ukingo huo kabla ya kiangazi.