Kifaru cha Kwamsisi

Waingereza walipokuwa wakiiunda zana hii mwaka 1915 waliificha chini ya jina la tangi, ili adui, na hata baadhi ya mafundi wenyewe, wadhani kuwa ni chombo cha kuchukulia maji. Jina la uongo likabaki kuwa jina la kweli. Wajerumani waliiita kwa deraya yake, Wafaransa kwa jina la mkokoteni. Mswahili aliitazama akaona mnyama: ngozi nene, kichwa kilichoinama, pembe iliyotangulia mbele, na ile tabia ya kukata pori bila ya kuuliza njia. Akaiita kifaru. Aliyeitoa istiara hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa mshairi, hata kama hakupata kutunga ubeti mmoja maishani mwake.

Lakini istiara nzuri ina madhara yake. Faru hana dereva. Tukisema kifaru kimepita tunasahau kwamba ndani ya chuma kile wamo watu wanne wanaotoka jasho, na kwamba nyuma yake kuna wengine wengi wanaokwenda kwa miguu. Jambo hili ndilo linalonifanya niandike leo, katika kurasa ambazo kwa desturi huhakiki diwani na tenzi, juu ya sanamu ndogo ya plastiki niliyoiona Kwamsisi.

Ninasema Kwamsisi ya Handeni, maana jina hilo lipo na upande wa Korogwe. Nilifika huko kwa shughuli ya harusi ya jamaa zangu wa Kizigua, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliposikia kuwa mgeni ni mfasiri, alinijia na karatasi mkononi. "Shikamoo mzee. Nina maneno machache hapa ya Kiingereza, naomba unifasirie." Ilikuwa karatasi ya maelezo ya kuunga kifaru cha mfano. Kazi yangu ilikwisha kwa dakika kumi, kwani karatasi za namna hiyo husema kwa picha na tarakimu zaidi kuliko kwa maneno. Kisha akanionyesha kazi yenyewe: ubao wa mninga wenye urefu wa mkono hadi kiwiko, udongo juu yake, nyasi, kifaru katikati, na watu. Mandhari ya namna hii wenye sanaa hiyo huiita diorama. Mbele amebandika kikaratasi: "Lukaya, Machi 1979." Anataka kuiweka darasani siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Hapohapo kuna mkusanyaji wa Dar es Salaam aliyetaka kukinunua kifaru. Kifaru peke yake, bila ya ubao na bila ya watu. Mwalimu alitaka hukumu yangu, na ameniruhusu niitoe mbele za watu.

Kwa msomaji asiyeizoea sanaa hii, yafaa nieleze mizani yake. Vifaru vingi vya mfano hutengenezwa kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Wengi hudhani kwamba kipimo hiki kilitoka kwa wahandisi. La. Kampuni ya Tamiya ya Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitengeneza kifaru cha Kijerumani aina ya Panther, na ukubwa wake ukaamuliwa na haja ya kuingiza mota na betri tumboni mwake. Baadaye ndipo kipimo kilipopigwa hesabu na kupewa tarakimu, na wengine wakafuata. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa kuwa nimewahi kuwasikia wenzetu wakigombana juu ya mizani ya shairi kana kwamba iliteremshwa pamoja na mvua. Kanuni huzaliwa kwa sababu ndogo. Ikishakubaliwa, mwenye kuivunja bila ya kujua ana kosa.

Kwa kipimo hicho, mtu wa kimo cha mita moja na sentimita 75 huwa na kimo cha sentimita tano. Bodi ya T-55, ambayo ina urefu wa mita sita hivi bila ya mzinga, huwa ya sentimita 17. Uzito nao una hesabu yake: T-55 ina tani 36, na tukigawa kwa thelathini na tano mara tatu, sanamu ya haki ingepaswa kuwa na gramu 840 au karibu yake. Plastiki haifiki huko. Ndiyo maana kifaru cha mfano huonekana aghalabu kama kimewekwa juu ya ardhi, ilhali cha kweli huwa kimeizamia. Fundi asiyeweza kuutia uzito ndani ya chombo hana budi autie machoni mwa mtazamaji.

Katika hili mwalimu amefaulu. Mnyororo wa T-55 hupita juu ya magurudumu matano makubwa bila ya vigurudumu vya kuushikilia, na kwa hiyo sehemu yake ya juu hulala, hubonyea baina ya gurudumu na gurudumu. Ameulaza kama inavyotakiwa. Ile nafasi pana baina ya gurudumu la kwanza na la pili, ambayo ndiyo alama ya ukoo mzima wa vifaru hivi, imekaa sawa. Chini ya mnyororo udongo umekatika na kupanda pembeni, na mtu akitazama huona tani. Rangi nayo haikupakwa kwa pupa: kijani kimechujuka juu penye jua, kimetiwa vumbi chini, na nyuma, penye mapipa ya mafuta, kuna doa moja tu jeusi. Mwanagenzi angetia madoa kumi.

Kosa lipo juu, kwenye kuba la mzinga. Jeshi letu lilikwenda vitani na vifaru vya Kichina, Type 59 na ndugu yake mdogo Type 62. Type 59 ilitokana na T-54 ya Kirusi, na kama T-54, ina kifuniko cha mviringo cha kipulizia hewa juu ya kuba, upande wa kulia mbele. T-55 haina kifuniko hicho. Kwa mbali ni pacha. Kwa karibu kifuniko hicho ndicho kinachowatenga. Mwalimu alipata kasha la T-55A, akaliunga kwa uaminifu, akalibandika bendera ya Tanzania. Sasa msomaji akumbuke ni nani aliyekuwa na T-55 pale Lukaya mwezi Machi 1979. Walikuwa ni Walibya, waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Idi Amin. Kwa hiyo mtu mwenye jicho akikitazama kifaru cha Kwamsisi ataona kifaru cha adui kilichovishwa bendera yetu.

Mwalimu alinyamaza kidogo niliposema hivyo, kisha akauliza kama kifungo cha shati kingefaa. Kinafaa, kikisuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi, ukubwa wake unakaribia sana. Hili ni kosa la kina, na kosa la kina hurekebishwa kwa kubadilisha neno moja.

La ardhi ni zito zaidi. Udongo wote wa mandhari ile umechotwa uani kwake, ukachekechwa na kumwagiwa gundi. Ni mwekundu, mkavu, wenye chembe. Kwanza, chembe ya milimita moja kwa kipimo kile ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Askari wake wanatembea juu ya kokoto bila ya yeye kukusudia. Pili, Lukaya si Uzigua. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala hupita pale penye kinamasi na mafunjo, na vita vile vilikuwa vita vya njia nyembamba yenye maji huku na huku. Usiku wa tarehe 10 Machi majeshi yetu yalishambuliwa na Walibya pamoja na askari wa Amin, yakarudi nyuma kwa fujo. Kesho yake yakajipanga, kikosi kingine kikazunguka ubavuni, na adui akavunjwa. Kinamasi ndicho kilichoamua nani apite wapi. Kukiondoa ni kuondoa nusu ya kisa. Kifaru juu ya uwanja mkavu huweza kwenda popote, na kifaru kinachoweza kwenda popote hakina hofu, wala mtazamaji hapati hofu yoyote.

Nimwendee sasa kwenye watu, maana hapa ndipo kazi hii inapokuwa kubwa kuliko aliyeifanya alivyodhani.

Watu wa kununua wamo watatu, wametoka kiwandani wakiwa askari wa Kirusi, na kuwapaka rangi ya kahawia hakukuwabadilisha. Wamesimama kwa majivuno ya gwaride, kila mmoja akiangalia upande wake. Wa nne hakununuliwa. Amefanywa kwa waya na nta ya mshumaa, amewekwa pembeni kabisa, karibu adondoke ubaoni. Ameketi chini, buti moja limevuliwa, ameupindua mguu wake na anautazama unyayo. Uso hauna pua ya kutajika. Vidole ni vinene mno kwa kipimo. Lakini shingo ile iliyoinama ni ya mtu aliyechoka kwa kweli, nami niliitazama muda mrefu kuliko kifaru.

Niliuliza ni nani. Mwalimu akasema ni baba yake, aliyekwenda vitani na mgambo. Mzee mwenyewe alikuwa barazani, akaongeza bila ya kugeuka: "Kifaru tulikisikia zaidi kuliko kukiona."

Kauli hiyo inalingana na historia. Jeshi ambalo kabla ya vita halikufikia watu 40,000 lilikuzwa hadi kupita 100,000, na mgambo wa mikoa mingi wakaingizwa humo. Sehemu kubwa ya askari hao walitembea. Kutoka Mutukula hadi Masaka, iliyotekwa mwezi Februari, kutoka Masaka hadi Kampala, iliyoanguka mwezi Aprili, walitembea. Mwenye kutaka kuvionyesha vita vya Kagera kwa haki hana budi kuonyesha nyayo kabla ya minyororo. Mtu wa nta anayajua hayo. Waliotoka kiwandani hawayajui.

Handeni yenyewe ina kumbukumbu ya namna hii, ya zamani zaidi. Majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Korogwe na Handeni mwezi Juni 1916, miezi mitatu kabla ya kifaru cha kwanza kuonekana katika vita vyovyote duniani, huko Ufaransa mwezi Septemba. Kilichoyapitisha majeshi pande hizi kilikuwa vichwa na mabega ya wapagazi, ambao jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Ilipofika mwaka 1927 na sanamu ya Askari ikasimamishwa Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson, aliyepanda juu ya nguzo ni askari mmoja na bunduki yake. Nairobi, mkono wa msanii huyohuyo uliweka watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Nimezitazama zote mbili, na sitaficha kwamba ile ya Nairobi ninaiona ya haki zaidi, ingawa ile ya Dar es Salaam ina mwendo mzuri zaidi wa mwili.

Tenzi zetu za vita zimekutana na swali hilohilo. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru akiwa mbali na uwanja wa vita, na Henry Muhanika akautoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Mwenye kutunga kwa kusikia huvutwa na majina makubwa, miji iliyotekwa na hesabu ya silaha, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyotangazwa. Mguu wenye lengelenge hautangazwi. Mwalimu hakuwapo Lukaya, lakini anaishi nyumba moja na mguu uliokwenda kule, na huo ni mtaji ambao watunzi wengi wa tenzi hawakuupata.

Basi thamani yake ni ipi? Mkusanyaji wa Dar es Salaam hakukosea kwa kipimo chake. Wakusanyaji hupenda kazi safi isiyofungamana na mahali, na wapo ambao hulipa zaidi kwa kasha lisilofunguliwa kuliko kwa kifaru kilichokwisha kuungwa. Kwake yeye bendera ingefutwa, na chombo kingekuwa T-55A nzuri juu ya rafu ya kioo. Nilimshauri mwalimu amuuzie. Achukue fedha, anunue rangi. Kisha kinamasi kiwekwe, mafunjo yapandwe, na pale kifaru kilipokuwa ibaki mikato ya mnyororo tu katika matope, ikienda hadi ukingo wa ubao na kutoka nje. Kifaru kimekwisha kupita. Watu wa nta waongezwe, kumi au kumi na wawili, wakifuata.

Hakukubali. Alisema watoto wa darasa la nne watakuja kwa sababu ya kifaru, na wasipokiona hawatasogea karibu kiasi cha kumwona mtu wa pembeni. Hoja hiyo ni ya mwalimu, si ya mshairi, na sikuwa na jibu lake. Nilipoondoka alikuwa amekwisha kukisugua kifungo cha shati, na mtu wa nta alikuwa amehamishwa kutoka pembeni akawekwa mbele, kando ya mnyororo, palipo karibu zaidi na macho ya mtoto aliyesimama.