Kuomba kwa Ufundi

Kila baada ya miaka miwili, Bunge jipya la Marekani linapoanza kazi, wadhamini wa California State University huletewa waraka wa vipaumbele: mambo ambayo mfumo huo wa vyuo vya umma utayadai Washington. Mfumo wenyewe ni mkubwa, kampasi zaidi ya ishirini tangu Humboldt kaskazini hadi San Diego karibu na mpaka wa Meksiko, na wanafunzi zaidi ya 450,000. Waraka ni mwembamba. Nauheshimu kwa wembamba huo, maana ni vigumu mno kuufikia.

Kabla haujaandikwa, makao makuu ya Long Beach hukusanya maoni ya kampasi, na kila mwenye ombi ana haki yake. Fresno, mji wa mashamba, ina hoja za utafiti wa kilimo. Wengine wanawasemea wanajeshi wa zamani, wengine vijana walioingia Marekani utotoni bila hati. Anayeandika hupepeta yote hayo hadi yabaki machache ambayo kampasi zote zinaweza kuyasimamia kwa sauti moja, na aliyekatiwa ombi lake bado ajione ndani.

Kisha kuna kujua mlango wa kubisha. Sheria ya Elimu ya Juu, ambayo Lyndon Johnson aliitia saini mwaka 1965 katika chuo alichosoma mwenyewe huko San Marcos, Texas, huamua ni misaada gani iwepo na kwa masharti gani. Mara ya mwisho ilipitiwa yote mwaka 2008. Lakini sehemu kubwa ya fedha hupitishwa upya kila mwaka na kamati nyingine kabisa, si ile inayoishughulikia sheria hiyo, na mwaka wa fedha huanza Oktoba mosi. Ombi zuri likipelekwa kwa kamati isiyohusika, hufa kimya kimya. Kwa hiyo kila sentensi ya waraka huandikwa kwa kumlenga mtu mwenye uwezo wa kuitekeleza, na hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe.

Ruzuku ya Pell ndiyo kiini cha yote. Ilianzishwa mwaka 1972, baadaye ikapewa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island, na mwanafunzi hadaiwi kuirudisha. Katikati ya miaka ya 1970 kiwango chake cha juu kililipa zaidi ya robo tatu ya gharama za mwaka mmoja katika chuo cha umma cha miaka minne. Kiwango cha mwaka wa masomo 2024–25, dola 7,395, hakifikii hata theluthi. Katika mfumo huu wanaoipokea ni zaidi ya wanne kati ya kila wanafunzi kumi wa shahada ya kwanza, wengi wao wakisoma huku wanafanya kazi.

Ndiyo maana napenda kisa cha Pell ya kiangazi. Mwanafunzi aliyemaliza ruzuku yake ya mwaka aliruhusiwa kupata nyongeza ili asome likizo; mwaka 2011 Bunge likaifuta kubana matumizi. Vyuo na wanafunzi hawakuacha kuidai. Hoja yao ilikuwa imara kwa sababu ilimpa mbunge jambo la kuhesabu: anayesoma kiangazi humaliza mapema, huacha nafasi kwa mwingine, na huanza kulipa kodi mapema. Mwaka 2017 ikarudishwa. Miaka sita ya kurudia ombi moja bila kulichosha, mbele ya wabunge waliobadilika na wasaidizi wao waliobadilika zaidi, ni kazi ya watu wanaoipenda kazi yao.

Dai la kuiongeza Pell maradufu, lililopigiwa debe na vyuo vingi mwaka 2021, bado halijatimia. Ni kubwa kuliko lile la kiangazi, na linahitaji kamati zilezile zinazopitisha fedha, Oktoba baada ya Oktoba.