Kitabu cha Elektroniki na Mwandishi wa Luga Yetu

Kuna watu wanaosifu kitabu cha elektroniki kupita kipimo, na kuna wengine wanaokizarau. Wa kwanza wanasema kwamba tangu sasa kila mutu mwenye telefone anaweza kuwa mwandishi. Wa pili wanajibu kwamba kitabu kisicho na karatasi si kitabu. Ndugu wasomaji, hukumu hizi mbili ni za haraka. Tuangalie kitu chenyewe: kinampa mwandishi nini, hakimpi nini, na sisi mapadri, waseminari na makatekista tunapashwa kukitumia namna gani.

I. Faida yake

Mwenye kiwanda cha chapa anahesabu karatasi, wino, mishahara na safari ya magari. Kama wanunuzi ni wachache, kila kitabu kinakuwa gali. Kikiwa gali, wanunuzi wanapunguka tena. Ndiyo sababu vitabu katika Kiswahili cha Kongo ni haba. Hatukukosa watu wenye neno la kusema. Hesabu ya chapa ndiyo iliyowashinda.

Kitabu cha elektroniki kinavunja hesabu hii. Kopi ya kwanza inadai jasho la mwandishi, lakini kopi ya elfu haidai hata karatasi moja. Kazi hii si ya jana. Mwaka 1971, kule Marekani, Michael Hart wa Chuo Kikuu cha Illinois aliandika Tangazo la Uhuru wa nchi yake ndani ya ordinateri, ili watu wengine walipate bure. Hapo ndipo Project Gutenberg ilipoanza. Mwaka 2007 Amazon ilianza kuuza Kindle, mashini ndogo ya kusomea, na tena ikaruhusu waandishi waweke vitabu vyao wenyewe sokoni.

Matunda yalionekana upesi. Amanda Hocking wa Minnesota, aliyekuwa amekataliwa na wachapaji, alianza kuuza hadisi zake peke yake mwaka 2010; mwaka 2011 nyumba ya St. Martin's ikamuahidi zaidi ya dolari milioni 2 kwa vitabu 4.

Lakini mwandishi wa Bukavu ao wa Kalemie asihesabu franka zake kwa kufuata mufano huu. Hocking aliandika Kiingereza, kwa wasomaji wengi wenye kadi ya banki. Amazon inaweza kumuachia mwandishi asilimia 70 ya bei, lakini kwa nchi zilizo katika orodha yake tu, na kwa bei iliyo kati ya dolari 2.99 na 9.99; inje ya masharti hayo ni asilimia 35. Mukatekista wetu atoe wapi dolari 3? Faida yetu ya kwanza basi si feza. Ni kusomwa, na kusomwa katika luga tunayosema kweli.

II. Mufano wa Elisabethville

Tuchukue kitabu kimoja cha kwetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya muji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Kinaitwa Vocabulaire ya Ville de Elisabethville. Aliiandika kwa ajili ya umoja wa watu waliokuwa zamani watumishi katika nyumba za Wazungu. Ni historia ya muji iliyotazamwa toka jikoni na toka kiwanja cha kazi, katika Kiswahili cha wafanyakazi wa Katanga. Ilipigwa kwa mashini ya kuandika, na kopi zake zilikuwa chache. Mchapaji gani angaliikubali? Hakuandika Kifaransa, na Kiswahili chake si kile cha shule.

Kopi moja ilifika mukononi mwa Johannes Fabian, mwalimu wa elimu ya watu na desturi zao, naye akaitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kitabu hicho cha chuo kikuu kilikuwa mbali na mufuko wa mutu wa Kamalondo. Baadaye maandiko ya Yav yakawekwa katika intaneti, na leo mujukuu wa watumishi wale anaweza kuyasoma bure. Basi wenye kuzarau kitabu cha elektroniki watujibu: bila njia hii, wangapi kati yetu wangalisoma Yav?

Lakini wenye kusifu nao wasikilize. Maandiko ya Yav yalikuwa magumu kusoma, kwa sababu maneno yalikatwa na kuunganishwa bila kanuni moja. Ilipashwa Kalundi Mango, mwenye kuzaliwa na luga hii, ayasome kwa sauti ndipo maana itoke wazi. Ni kusema: elektroniki ilisambaza kitabu, lakini sikio la mutu ndilo lililokiokoa. Kama Yav angaliishi leo na kukitoa mara moja kwa telefone, angalipata wasomaji elfu, na labda asingalipata Kalundi hata mumoja.

III. Kasoro zake

Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza: kazi ya kusahihisha imeonekana kuwa si ya lazima. Mchapaji wa zamani alifunga mulango kwa wengi, pengine kwa ubaya, lakini ndani ya nyumba yake kulikuwa mutu wa kusoma kila mustari na kuuliza: "Hapa unataka kusema nini?" Mulango umefunguka, na mutu yule ameondoka pamoja na mlinzi.

Kasoro ya pili ni ya utunzaji. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali vitabu viwili vya George Orwell ndani ya mashini za watu waliokwisha kuvilipa, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Katika Nijeria, OkadaBooks, iliyosaidia waandishi wengi wa nchi ile tangu 2013, ilifungwa mwisho wa Novemba 2023. Mwenye kuweka shamba lake lote katika kiwanja cha mwingine asishangae siku anapoambiwa ahame.

IV. Shauri

Kwanza, mwandishi atunze maandiko yake mwenyewe, katika mahali zaidi ya pamoja, na kopi moja ya karatasi iwekwe katika maktaba ya semineri. Aitoe katika namna ya EPUB, ambayo inapatanisha herufi na upana wa telefone. Kitabu cha maneno matupu ni chepesi; kikisha kupokewa mara moja, kinasomwa bila mega hata katika kijiji kisicho na intaneti.

Pili, asitoe kitu mbele ya kukisoma kwa sauti kwa watu wawili: mumoja mwenye elimu, mwingine mukristu wa kawaida. Pale yule wa pili anapokunja uso, ndipo pa kusahihisha.

Tatu, vitabu vya katekisimu na mafundisho yake vinadai ruhusa ya Askofu (kanuni 827), na kanuni 824 inasema wazi kwamba sheria ya vitabu inashika pia kila andiko linalotolewa kwa watu wote. Kukosa karatasi si kukosa sheria. Katekesi yenye kosa, iliyotumwa leo kwa telefone, kesho iko katika parokia 20, na hakuna anayeweza kuikusanya tena.

Stefano Kaoze, aliyepata upadri mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi, alikuwa bado museminari wakati maandiko yake juu ya akili na roho ya Wabantu yalipochapwa katika Revue Congolaise ya Ubelgiji, miaka 1910 na 1911. Yeye aliwaza juu ya watu wake, lakini ilimpasa kupitia luga ya wengine na mulango wa wengine. Waseminari wa leo wanaweza kuandika katika luga ya mama zao na kusomwa toka Uvira mpaka Kolwezi bila kuomba karatasi kwa mutu. Wasilaumu tena kiwanda cha chapa. Kinachobaki kuombwa ni saburi ya kuandika vizuri, na urafiki wa kusahihishana.