Nyuki Harutubishi Ua

Kila mwaka, tarehe 20 Mei, huadhimishwa Siku ya Nyuki Duniani. Siku hiyo ilipendekezwa na Slovenia, ikapitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2017, na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2018. Katika makala haya hatukusudii kuyasifu wala kuyalaumu maadhimisho yenyewe. Tunakusudia kupima lugha itumikayo katika hotuba, mabango na vipeperushi vya siku kama hiyo, kwani mkulima wa bustani hurudi nyumbani na maneno aliyoyasikia, na kwa maneno hayo huamua ni lini anyunyize sumu na ni lini asinyunyize.

Kosa kubwa tunalolikuta ni kusema kwamba nyuki "hurutubisha maua". Wafasiri wengi hukimbilia kitenzi hiki kwa kuwa kinajulikana. Lakini kinajulikana kwa maana gani? Mkulima hurutubisha udongo, na kirutubishacho ni mbolea. Akiambiwa kuwa wadudu ni "warutubishaji", ana haki ya kufahamu kwamba wadudu hao wakifa na kuoza hutia nguvu ardhini. Hapo atawanyunyizia sumu asubuhi, maua yakiwa yamefunguka, wala hataona kuwa amekosea.

Mambo yanayochanganywa hapa ni matatu, nayo yana vitenzi vitatu. Kurutubisha ni kuutia udongo rutuba. Kuchavusha ni kuihamisha chavua, yaani ule unga wa ua, kutoka sehemu ya kiume hadi sehemu ya kike. Kutungisha ni kule kuungana kwa mbegu ya kiume na yai ndani ya ua, jambo linalofuata baada ya chavua kuota na kupeleka mrija wake chini. Kwa jambo hili la tatu Kiswahili hakikuwa na haja ya kuazima: wazee wetu husema mimba "imetunga", na istilahi "utungisho" imechipuka katika shina hilo hilo. Kazi ya nyuki huishia kwenye jambo la pili.

Wapo watakaodai kwamba "chavusha" ni neno la darasani, na kwamba mwanakijiji halijui. Dai hili lina uzito, lakini dawa yake si kulitumia neno linalopotosha. Dawa yake ni kulifundisha neno kwa kitu chenyewe. Mwalimu na achukue ua dume la mboga, alipanguse kidoleni, aonyeshe ule unga wa manjano, kisha alipake ua jike lenye kiboga kichanga chini yake. Kiboga kisichopata chavua husinyaa na kuanguka. Wanafunzi walioliona jambo hili hawatahitaji fasili ndefu.

Wengine wamejaribu kutumia "poleni" badala ya chavua. Tunalikataa neno hili bila kusita. Msomaji wa Kiswahili akikuta kwenye bango "Poleni huenezwa na nyuki" atadhani kwanza kuwa anapewa pole, naye hatakuwa na kosa.

Kasoro ya pili ni kulifanya neno "mchavushaji" kuwa jina jingine la nyuki wa asali. Mbuyu huchavushwa na popo usiku. Kakao huchavushwa na visubi wadogo mno. Chozi, vipepeo na nondo nao wamo katika kazi hii. Tena mwanadamu mwenyewe ni mchavushaji: vanila, mmea uliotoka Mexico, huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, kwa namna aliyoibuni kijana mtumwa Edmond Albius katika kisiwa cha Réunion mwaka wa 1841. Wakulima wa vanila wa Kagera hufanya vivyo hivyo. Ama upepo, ambao huyachavusha mahindi yanapotoa mbelewele, hauhitaji kuitwa mchavushaji wala kuundiwa jina jipya. "Uchavushaji kwa upepo" yatosha. Istilahi isiyohitajika ni mzigo kwa mwalimu na kwa mwanafunzi.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Katika maduka na mashamba sumu huitwa "dawa ya wadudu". Dawa huponya; hii huua. Neno rasmi "kiuatilifu" ni bora zaidi, na limo hata katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Hata hivyo, tukilichambua neno hili tutaona kwamba linaahidi kuua kile tu kinachotilifu, yaani kiharibucho. Sumu nyingi hazina ubaguzi huo. Kwa hiyo katika maandishi ya kitaalamu neno libaki, lakini katika maelezo kwa mkulima liandamane na neno "sumu" bila ya kuonewa haya.

Mapendekezo yetu ni haya:

(a) "Rutubisha" litumike kwa udongo, "chavusha" kwa ua, na "tungisha" kwa yai.

(b) "Wachavushaji" litumike kwa viumbe hai wote wanaohamisha chavua, na nyuki watajwe kwa jina lao pale wanapokusudiwa wao peke yao.

(c) Badala ya "bustani endelevu", msemo usiomwambia mkulima afanye nini, vipeperushi vitaje tendo lenyewe: kupanda maua ya misimu mbalimbali, kuacha maji katika chombo kifupi, na kutonyunyiza sumu wakati maua yamefunguka na nyuki wamo kazini.

Hatudhani kwamba orodha hii imetimia. Wafugaji wa nyuki wa Tabora na wakulima wa mwambao wana majina ya nyuki wadogo, nyigu na vipepeo ambayo bado hayajaingia katika maandishi yetu. Walimu na maofisa ugani walio karibu nao watusaidie kuyakusanya na kutuletea, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika, ili yajadiliwe kabla ya kuunda maneno mapya.